Lesoni ya 7: Tuliyoyapokea kwa Baba Zetu

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumbukumbu la Torati 6:4–9, 1 Petro 1:17–19, Yeremia 35, Waefeso 6:1–4, Danieli 1:8–16, Matendo 16:1–3, 2 Timotheo 1:5, Ezekieli 18:14–20.

Fungu la kukariri: Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Lisomeni kwa sauti kama familia kila jioni ya juma hili, hadi mtoto mdogo kuliko wote aweze kulisema bila kufungua Biblia.

Watu wengi wanaovuta sigara hawakuanza wakiwa watu wazima. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 2012 ilieleza kwamba karibu tisa kati ya kumi ya watu wazima wanaovuta kila siku walionja sigara ya kwanza kufikia umri wa miaka 18. Hapa kwetu Tanzania, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kila wanaume 100 wenye miaka 15 na zaidi, wapatao 15 wanatumia tumbaku, na katika wanawake 100 wapatao 3. Ukitaka kujua wanaume hao walitoka wapi, usianzie hospitali. Anzia kwenye baraza walikokulia.

Juma hili tunachukua mfano wetu Kipatimu, katika milima ya Wamatumbi, wilayani Kilwa. Hatusemi kwamba watu wa huko wanavuta kuliko wa kwingine. Tumepachagua kwa sababu ni mahali ambapo ukoo bado una nguvu, mzee akisema anasikilizwa, na kijana anajulikana kuwa ni mtoto wa nani kabla hajaulizwa jina lake. Darasa la Mwanza au Same liweke jina la kijiji chake. Swali ni lilelile: je, nyumba na kabila humpa kijana tumbaku, au humlinda asiiguse?

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato.*

JUMAPILI

Kutumwa Dukani

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4–9. Musa anataja nyakati gani na mahali gani ambapo mtoto hufundishwa?

Angalia kwamba Musa hakutaja darasa. Alitaja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Mtoto hujifunza wakati ambao mzazi hajui kuwa anafundisha. Ukweli huo unafanya kazi kwa mema, na kwa mabaya pia.

Fikiria jambo linalofanyika katika vijiji vyetu vingi bila mtu yeyote kuliona kuwa ni kosa. Babu ameketi barazani. Anamwita mjukuu wa miaka tisa, anampa sarafu, anamtuma akanunue sigara mbili. Muuza duka hamwulizi mtoto chochote, maana anajua ni za babu yake. (Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18, lakini nani atamshtaki jirani yake?) Mtoto akirudi, anaambiwa apitie jikoni aiwashe. Sasa, sigara haishiki moto kwenye kaa mpaka aliyeishika avute pumzi. Hivyo pafu la kwanza la maisha yake mtoto hakulivuta kwa ukaidi nyuma ya shule. Amelivuta jikoni kwa mama yake, akiwa anatii. Na akiifikisha ikiwa inawaka, anasifiwa kuwa mtoto mwenye adabu.

Bibi naye ana ugoro wake kwenye pindo la khanga. Mjukuu anaponusa harufu ile, hanusi sumu. Ananusa mapaja aliyolalia akisimuliwa hadithi. Hili ndilo linaloifanya tumbaku ya nyumbani iwe na nguvu kuliko tangazo lolote la biashara: imechanganyika na upendo. Tukiwaambia vijana kwamba kila mtumiaji wa tumbaku ni mtu mbaya, watatuona waongo, kwa kuwa wanamjua mmoja ambaye ni mwema.

Watafiti wa nchi nyingi wamekubaliana katika hili: mtoto ambaye mzazi wake anavuta yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuvuta, na kaka mkubwa anayevuta huongeza hatari hiyo. Lakini wamekuta pia kwamba mzazi akiacha, hatari ya mtoto hupungua, hasa akiacha mtoto angali mdogo.

Je, kuna jambo gani ambalo watoto wa nyumbani kwako hutumwa kulifanya, ambalo usingependa walifanye kwa ajili yao wenyewe?

JUMATATU

Je, Ni Mila Yetu?

Soma 1 Petro 1:17–19. Petro anasema tumekombolewa kutoka katika nini, na kwa gharama gani?

Petro aliwaandikia watu waliokuwa na mila zilizorithiwa. Hakusema kila walichokipokea kwa baba zao kilikuwa kibaya. Alisema upo mwenendo uliopokelewa kwa baba ambao hauna faida, na kwamba Kristo alitoa damu yake kuwatoa humo. Kwa hiyo Mkristo anayo ruhusa, hata wajibu, wa kuukagua urithi wake na kuuliza: hiki kilitoka wapi?

Tuiulize tumbaku. Ni mmea wa Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hakuna babu wa Mmatumbi, Mngindo, Mmwera wala Mmakonde aliyewahi kuliona jani lake. Ililetwa Afrika na mabaharia na wafanyabiashara, na hata jina “tumbaku” lilisafiri pamoja nayo kutoka mbali. Kisha ikazoeleka, ikapewa heshima. Mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule alipopita katika bara la Lindi na nchi ya Wamakonde akikusanya vitu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig, alikuta vikopo vidogo vya mti vyenye vifuniko vilivyochongwa kwa ustadi mkubwa, ambamo watu waliweka dawa, baruti au ugoro. Kitu kikishachongewa nyumba nzuri hivyo, wajukuu hudhani kilikuwepo tangu zamani za kale.

Mwaka mmoja tu kabla ya safari hiyo, Julai 1905, watu wa Nandete, karibu na Kipatimu, waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolazimishwa na Wajerumani kulilima, na Vita ya Maji Maji ikaanza hapo. Hatuzungumzii vita katika somo hili. Tunataka kuona jambo moja: pamba waliitambua mara moja kuwa ni ya kigeni, kwa sababu ilikuja na kiboko. Tumbaku nayo ilikuwa ya kigeni, ila iliingia kwa njia ya ukarimu, mgeni akimpa mwenyeji, mzee akimpa mzee mwenzake. Kinachoingia kwa ukarimu ni kigumu kuking'oa.

Je, kabila lina nguvu yoyote hapa? Linayo, lakini nguvu hiyo haimo katika damu. Kule Marekani, ambako mambo haya yamepimwa kwa miaka mingi, ripoti ya Mganga Mkuu ya mwaka 1998 ilionyesha kwamba wenyeji wa asili wa nchi ile walivuta kuliko makundi mengine. Katika baadhi ya makabila yao tumbaku ina nafasi katika ibada za kimila. Vijana weusi, kwa upande mwingine, walipunguza kuvuta kwa kasi kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990, wakawa chini kabisa ya vijana weupe. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka kumi na mitano. Kilichobadilika ni kile ambacho wazazi, marafiki na jamii waliruhusu na kile walichokataa.

Mtu akikuambia, “Sisi kwetu wanaume wote huvuta,” utamjibuje bila kulidharau kabila lake?

JUMANNE

Nyumba Iliyokataa

Soma Yeremia 35:1–11. Warekabi walitoa sababu gani ya kukataa divai? Ni jambo gani linalokushangaza katika jibu lao?

Hapa tunakutana na ukoo mzima. Ni siku za mfalme Yehoyakimu, na jeshi la Babeli limewafukuza hawa watu wa hemani hadi wakaingia Yerusalemu. Yeremia anawapeleka katika chumba cha hekalu, anawawekea mbele yao mabakuli ya divai na vikombe, na kuwaalika wanywe. Zingatia mazingira yale. Wao ni wageni mjini. Mwenyeji ni nabii. Chumba ni cha nyumba ya Bwana. Kama kuna wakati ambapo adabu ingemlazimisha mtu kupokea anachopewa, ni huo.

Wakakataa. Na sababu waliyoitoa haikuwa afya, wala hawakutaja amri ya Sinai. Walisema baba yao Yonadabu mwana wa Rekabu aliwaagiza hivyo. Yonadabu ndiye yule aliyepanda garini pamoja na Yehu (2 Wafalme 10:15), zaidi ya miaka 200 kabla. Wajukuu wa wajukuu wake walikuwa bado wanashika neno lake, wake kwa waume, wana kwa binti. Walihusiana na Wakeni (1 Nyakati 2:55), watu ambao asili yao haikuwa ya Israeli. Maana yake, mila ya ukoo mdogo wenye asili ya kigeni iliwekwa mbele ya Yuda yote kuwa mfano.

Soma Yeremia 35:12–19. Mungu aliutumiaje utii wa Warekabi kuwafundisha watu wa Yuda?

Mara nyingi tukizungumza juu ya kabila na ukoo kanisani, tunazungumza kana kwamba ni mzigo wa kutua. Yeremia 35 inatuonyesha upande wa pili. Ukoo unaweza kuwa boma. Kijana Mrekabi alipopewa kikombe hakuhitaji kubuni hoja papo hapo, wala kusimama peke yake dhidi ya dunia. Alisema “sisi”. Sisi hatunywi. Neno hilo moja lilibeba uzito wa babu, shangazi, na binamu zake wote.

Tofauti hapa ni kubwa. Kijana wetu mwenye miaka kumi na minne, akipewa sigara na wenzake pale vijana wa bodaboda wanapopumzika, mara nyingi anabaki na neno “mimi”. “Mimi sivuti.” Wenzake wanamcheka, na “mimi” ni neno jembamba. Nani amempa “sisi”? Kama nyumbani kwake jambo hili halijawahi kutamkwa kwa sauti, kama kanisa lilimwambia tu siku ya ubatizo na halikurudia, hana ukoo wa kuutaja.

Angalia pia kwamba Yonadabu hakuagiza jambo moja tu. Aliwakataza kujenga nyumba na kupanda mizabibu. Aliwapa maisha kamili, yenye kazi, safari na watu wa kuishi nao. Katazo lililosimama peke yake halidumu miaka 200. Msimu wa ufuta au korosho unapomalizika na vijana wana fedha mfukoni kwa mara ya kwanza, je, ukoo wetu na kanisa letu wana kitu gani cha kuwapa zaidi ya neno “usi-”? Kwaya? Mpira? Kambi ya Watafuta Njia? Shamba la pamoja? Mzazi wa Kipatimu anayemruhusu mwanawe kuuza machungwa yake mwenyewe na kumfundisha kuweka fedha amefanya kazi ya Yonadabu kuliko yule anayehubiri tu.

Katika ukoo wako, ni nani aliyewahi kusema “sisi hatufanyi hivi” na watu wakasikia hadi leo?

JUMATANO

Kumkatalia Mzee

Soma Waefeso 6:1–4 na Danieli 1:8–16. Mtoto anatakiwa kutii kwa kiasi gani? Danieli alikataa kwa njia gani?

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, na wengi wetu hupapita haraka. Tunawafundisha watoto amri ya tano. Tunawafundisha kusema shikamoo, kupokea kwa mikono miwili, kutokujibizana na wakubwa. Kisha tunawaambia wasishike tumbaku. Siku babu anapomtuma sigara, mafundisho yetu mawili yanagongana ndani ya mtoto mmoja, na sisi hatupo.

Wengine hutoa jibu la Matendo 5:29, kwamba imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Ni kweli. Lakini Petro alisema hivyo mbele ya baraza lililompiga marufuku kumhubiri Kristo. Mtoto wa miaka kumi akimrushia babu yake fungu hilo barazani, mbele ya wageni, ukoo mzima utasema dini hii inafundisha utovu wa adabu, na mlango uliokuwa wazi utafungwa. Nadhani kuna njia bora, na Danieli anaionyesha. Alikuwa amekwisha kuamua moyoni. Lakini kwa nje *aliomba*. Alizungumza na mkuu wa matowashi kwa upole. Alipoona hofu yake, akamwendea msimamizi na kumpa pendekezo la siku kumi. Hakumwaibisha mtu.

Mila zetu wenyewe zimetupa chombo cha kufanyia hivyo. Babu na mjukuu ni watani. Mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia baba yake, anaweza kumwambia babu kwa kicheko. “Babu, maji nitakuletea, hata kahawa ya kungu nikiipata, lakini moto huo utautafuta mwenyewe, mimi nakutaka uione harusi yangu.” Babu atacheka. Pengine atamwita mtundu. Lakini amesikia, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Utani ni mlango ambao mwinjilisti kutoka mjini hana ufunguo wake, na mtoto wa nyumbani anao.

Kwa mjomba mambo ni mengine. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, neno la mjomba ni zito kuliko la baba katika mambo mengi, na halichezewi. Hapo mtoto asiachwe apigane peke yake. Fungu la 4 la Waefeso 6 linawaelekea wazazi: msiwachokoze watoto wenu. Kumwacha mtoto achague kati ya mjomba wake na dhamiri yake, huku sisi tumenyamaza ili kulinda amani ya ukoo, ni kumchokoza. Mzazi aende mwenyewe jioni, aketi, asalimie, aseme: “Kaka, watoto hawa ni wako. Naomba tusiwatume tumbaku.” Mara nyingi mjomba atakubali, maana wavutaji wengi wenyewe hawataki watoto waanze.

Ni nani katika ukoo wako unayepaswa kumwendea juma hili? Utaanzaje mazungumzo?

ALHAMISI

Mtoto wa Nyumba Mbili

Soma Matendo 16:1–3, 2 Timotheo 1:5 na Ezekieli 18:14–20. Timotheo alikuwa na malezi ya namna gani? Ezekieli anampa tumaini gani mtoto ambaye baba yake hakwenda njia njema?

Timotheo alikuwa na mama Myahudi na baba Myunani. Biblia inataja imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Juu ya imani ya baba imenyamaza. Vijana wetu wengi wa pwani ni Timotheo. Baba ni Mwislamu, mama alibatizwa Msabato, shangazi ni Mkatoliki. Tusidhani kwamba majirani hao ni adui katika jambo hili. Waislamu wengi huihesabu tumbaku kuwa haramu au jambo la kuchukiza, na bibi Mkatoliki aliyemzika mumewe kwa ugonjwa wa mapafu anaweza kuwa mhubiri mzuri kuliko sisi. Nyumba yenye imani tatu inaweza kuwa na “sisi” moja kuhusu moshi.

Na nyumba ya Wasabato watupu haina kinga ya asili. Waanzilishi wetu wengine walitumia tumbaku. Joseph Bates aliiacha katika miaka ya 1820, kabla kanisa hili halijakuwepo. Ellen White alianza kuonyeshwa madhara yake mwaka 1848, na bado ilichukua miaka kwa waumini wote kuiacha. Kijana wa mzee wa kanisa naye anaweza kuvuta, na mara nyingi atavuta kwa siri zaidi, kwa kuwa anajua siku atakapogunduliwa ataondolewa kwaya na jina lake litasomwa. Hofu hiyo haimwachishi. Humfundisha kutafuna majani ya mpera kabla ya kurudi nyumbani.

Ezekieli anafungua mlango. Mwana aliyeona aliyoyafanya baba yake, akatafakari, asifanye hivyo, ataishi. Neno la kuangalia ni *akaona*. Kuona kunaweza kuzaa kuiga, na kunaweza kuzaa kutafakari. Mara nyingi tofauti huletwa na mtu mzima aliyeketi na kijana na kuzungumza naye juu ya alichokiona.

Kwa kijana aliyekwisha kuanza, nikotini hushika upesi, na ubongo wake bado unakua. Anahitaji msaada kuliko hotuba. Karibu mwaka 1960 daktari Msabato, J. Wayne McFarland, na mchungaji Elman Folkenberg walitengeneza mpango wa siku tano wa kuacha kuvuta: maji mengi, kuvuta pumzi ndefu, kutembea baada ya kula, mwenzi wa kumwita hamu inapokuja, na maombi. Hakuna kitu humo ambacho hakipatikani Kipatimu.

IJUMAA

Jifunze zaidi: Rudia Yeremia 35 yote kwa mkao mmoja. Soma pia 1 Wakorintho 6:19, 20, na maelezo ya Ellen G. White kuhusu tumbaku katika kitabu chake juu ya huduma ya uponyaji, kilichotolewa mwaka 1905. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na wengine kati yao hawakuvuta kamwe. Walikaa tu karibu na wavutaji.

Maswali ya kujadili:

1. Katika darasa lenu, ni wangapi waliowahi kutumwa tumbaku walipokuwa watoto? Sikilizeni majibu bila kumhukumu mtu. Je, walijisikiaje wakati ule?

2. Je, ni haki kulinganisha Warekabi na vijana wetu? Warekabi walikaa pamoja hemani. Vijana wetu wako bweni la shule, wako Dar es Salaam, wako na simu. “Sisi” ya ukoo inawezaje kusafiri nao?

3. Mshiriki mpya anauza duka dogo, na sigara ndizo zinazoleta wateja wengi. Mnamsaidiaje? Jadilini pia upande wa fedha, si wa kiroho tu.

4. Babu, ambaye si mshiriki, ni mgonjwa na amevuta miaka hamsini. Anamwomba mjukuu wake Msabato amwashie sigara, na hakuna mtu mwingine nyumbani. Mjukuu afanye nini?